Habari za Mvua ya Kibua

Lushebere, 12 Machi 2017

Mama mudogo Victorine,

Nakusalimia kwa niaba ya nyumba yetu nzima, ile ya Butembo na hii ya huku nilikojitupa. Dada yako, mama yangu, ni mzima. Goti tu linamsumbua na analisingizia ngazi za kanisa. Kaka Trésor amenunua lori la pili na sasa anaongea kama waziri. Mimi ninakula viazi na jibini mpaka nguo zinanibana. Natumaini wewe, duka lako na kuku wako mko salama huko Walikale, na kwamba msitu haujawameza.

Sasa lenyewe. Nimepata kazi, Mama mudogo! Shirika moja la Goma limenikabidhi étude: kuchunguza kama watu wa Lushebere, Masisi-centre, Nyabiondo, na mwishowe Kibua kwako, wanaweza kujijengea internet yao wenyewe, mali ya wanakijiji, si ya kampuni. Mimi sijengi kitu. Nauliza tu kama kinaweza kujengwa. Baba mmoja aliponisikia alisema, "Basi umesoma miaka yote hiyo ili uulize?" Nilimjibu ndiyo, na nilijisikia fahari kiasi kwamba nilicheka njia nzima.

Redio zetu za internet zina tabia moja: hazipiti mlima. Mlingoti na mlingoti lazima ionane, kama watu wawili wanaopungiana mikono ng'ambo ya bonde. Phonie yako, hiyo redio ya kuongelea mbali, haina shida hiyo. Mawimbi yake yanaruka, yanagonga anga na kushukia upande wa pili, ndiyo maana ukibonyeza kitufe chako Kibua unasikika Lushebere kana kwamba umekaa jikoni. Sisi inatubidi kutafuta vilima. Vilima huku havikosekani. Kinachokosekana ni kilima kinachoviona vingine.

Jana tumekipata. Mwenzangu Carmel alibaki Masisi-centre na kioo cha kujitazamia, mimi nikapanda kilima cha Mushebe na kioo changu cha poda. Jua lilikuwa kali. Nikageuza kioo huku na huku, na mara, mbali kabisa, kitu kikametameta. Kikazimika. Kikametameta tena. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Nilikumbatia mkalitusi. Sijui kama umewahi kufurahia kitu ambacho mtu mwingine akikitazama haoni chochote. Mimi nilijiona nimesimama juu ya kamba iliyonyooshwa angani, na kamba ilikuwa imara.

Askari mmoja akapanda kuja kuangalia.

"Weye dada, uko naita nani na hiyo kioo?"

"Naita internet, afande."

"Na itafika lini?"

"Étude ikiisha."

"Basi uache kuiita mpaka iishe. Hapa kwetu vitu vikiitwa, vinakuja na bunduki."

Kilima hicho kina mwenyewe. Anaitwa Papa Léonard, mkulima wa maharagwe, mtu mwenye kofia aliyefiwa na mkewe zamani. Tena ndiye mtu wa phonie wa hapa Lushebere, kwa hiyo bila shaka mnajuana kwa sauti. Waya wa antena yake umefungwa kati ya mikalitusi miwili, palepale ninapotaka mlingoti. Ninachohitaji ni saini yake ya kukubali, kabla ya mwisho wa Agosti. Asiposaini, étude itaandikwa "haiwezekani", na wafadhili watakwenda kutafuta vilima vya mkoa mwingine. Lakini atasaini. Amenipa maziwa. Mtu akishakupa maziwa atakukatalia nini?

Nisaidie kwa upande wa Kibua. Swali la kwanza ninalomuuliza kila mtu ni hili: ungekuwa na internet, ungeongea na nani? Ningekuuliza kwa phonie, lakini huko bonde zima linasikiliza, na mtu anayesikilizwa hajibu kweli. Kwa hiyo nampa barua Magloire, yule motard wa pikipiki anayepeleka jibini Kibua na kurudi na mawese.

Mwanao anayecheka peke yake,
Mbambu Kétsia


Kibua, 4 Aprili 2017

Mutoto wangu Kétsia,

Barua yako imefika inanuka fromage. Magloire aliiweka katikati ya jibini mbili. Nimeisoma, kisha nimeipanguza.

Sisi huku tuko wazima. Mvua inanyesha kama kawaida. Kuku watatu walikulwa na kicheche, mumoja na askari. Wote walikuwa na njaa, simuhukumu mutu. Mwambie mama yako aache kusingizia ngazi za kanisa, ni kilo zake. Trésor naye apunguze maneno, lori haiko ndege.

Nimefurahi juu ya kazi. Wasichana wengine wakisoma wanapewa kiti. Weye wamekupa milima. Kula vizuri, usipande bila kukula.

Swali lako. Ningeongea na nani? Na watu wa Butembo wanaonitumia sabuni. Andika hivyo.

Mimi pia niko na swali. Hiyo internet yako, inaonyesha sura ya mutu? Wapitanjia wamenieleza kama Goma watu wanaongea wakitazamana. Sura yote? Hata kama mutu hajajitengeneza? Nauliza juu ya étude yako.

Tena umeandika kama huyo Papa wa phonie anavaa kofia. Kofia gani? Étude nzuri haisahau kitu.

Nimempa Magloire chupa ya mawese. Kama itafika nusu, umuulize yeye.

Ni mimi mama yako mudogo,
Kavira Victorine


Lushebere, 23 Aprili 2017

Mama mudogo mpenzi,

Asante kwa salamu, na kwa nusu chupa. Magloire anasema mawese yanapungua yenyewe kwa sababu ya baridi ya milima. Nimemwambia mama habari ya kilo zake. Hapohapo kwenye simu akaniuliza kama wewe bado ni mwembamba. Nimesema ndiyo. Je, nimedanganya?

Swali lako ni zuri mno! Ndiyo, inaonyesha sura, yote, waziwazi. Nimeandika: "Kibua, haja ya kuonana kwa picha ni kubwa sana." Hii inabadilisha hesabu zangu, kwa sababu picha ni nzito kuliko sauti, inataka mitambo mikubwa na mlingoti mrefu zaidi. Nimechora upya kila kitu.

Na ajabu ni kwamba Papa Léonard ameuliza swali lilelile, neno kwa neno. "Inaonyesha sura?" Nikamjibu kwa furaha, "Papa, inaonyesha hata mvi moja moja!" Nilidhani nimemshawishi. Akanyanyuka, akaenda kuangalia maharagwe yake, hakurudi mpaka nikachoka kungoja.

Tangu hapo hasaini. Kwanza alisema nyuki wake hawatapenda mlingoti. Nikaleta maelezo kuhusu nyuki. Kisha akasema mama yake amezikwa karibu. Nikasogeza mlingoti kwenye mchoro. Sasa anasema maharagwe yakomae kwanza. Anasema kwa upole, na kila mara ananipa maziwa. Ninarudi chini na tumbo limejaa na karatasi tupu.

Kofia yake ni ya kahawia, nene, panya wamekula ukingo upande mmoja. Haivui kamwe, isipokuwa asubuhi akikaa kwenye phonie. Hapo anaivua na kuiweka juu ya goti. Nafikiri inagusa waya.

Mimi hukaa naye saa hiyo, kwa ajili ya kazi. Wengine wote wanaomba habari za mizigo na wagonjwa. Yeye zamu yake ikifika anasema, "Kibua, Kibua, hapa Lushebere. Mvua iko namna gani? À vous." Na wewe, ukishapewa zamu kwa hiyo à vous, unamjibu vizuri ajabu: ilianza kidogo kidogo, ikakaza, sasa migomba inadondosha matone, à vous. Anasema, "Bien reçu," yaani amesikia vyema, anafikiri kidogo, kisha anauliza kama ilikuwa na upepo. Sijawahi kusikia habari za hali ya hewa kamili namna hiyo. Nimeandika: "Wakulima wa Lushebere wanategemea sana taarifa za mvua kutoka Kibua." Carmel amesema nina jicho la mtafiti.

Nisikufiche, kazi hii imeniingia mwilini. Katika kambi ya waliokimbia vita nilimuuliza Mama Emérita, wa Kashuga, angeongea na nani. Akasema, "Na mbuzi zangu." Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akasema, "Ao na mutu yeyote aliye Kashuga leo, anieleze kama njia iko wazi. Mara ya mwisho tulienda kwa sababu mutu alisikia kwa mutu kama iko wazi. Tulirudi mbio, hata sufuria tuliziacha." Niliandika jibu lake pole pole, kwa mwandiko mzuri, kama vile mwandiko ungemsaidia. Nataka mlingoti huo, Mama mudogo. Nautaka kama watu wengine wanavyotaka kuolewa.

Wewe unajua watu wa phonie. Niambie, Papa Léonard anaogopa nini?

Kétsia


Kibua, 20 Mei 2017

Kétsia,

Salamu. Tuko wazima. Kuku amebaki mumoja na amekuwa na kiburi.

Ulimwambia mvi moja moja? Nani alikutuma useme mvi?

Futa habari ya picha katika étude. Futa pia mvua yangu. Mvua ya mutu haiandikwe katika karatasi za Goma. Kibua haiko na haja ya internet, phonie inatosha. Andika hivyo, na usiniulize juu ya Papa wa Lushebere. Mimi nauza sabuni.

Huyo mama wa Kashuga, nimempelekea sufuria. Iko kwa Magloire. Sufuria haiwezi kupungua njiani.

Victorine


Lushebere, 18 Juni 2017

Mama mudogo,

Sijui kama barua hii itakufikia. Tangu wiki ya kwanza ya mwezi huu wanapigana mbele ya Nyabiondo na njia imefungwa. Magloire amekaa hapa na jibini zake, anazila moja moja kwa huzuni. Mama ananipigia simu kila siku kutoka Butembo kuuliza habari zako. Napanda Masisi-centre, penye mtandao wa simu, kumjibu kwamba hakuna habari. Sufuria ilifika kabla ya vita. Mama Emérita anaipigia ngoma akipita mbele ya nyumba yangu.

Barua yako ya Mei iliniumiza. Nilijiambia, hata wewe? Nilikuwa na jibu la kurasa nne, kali, lenye vichwa vya habari. Nimelichana. Nikueleze kwa nini.

Mkuu wangu, Papa Séraphin, alipanda kutoka Goma kusoma kazi yangu. Alisoma mpaka akafika kwenye mvua, akavua miwani.

"Mademoiselle, Kibua ni msitu. Mvua yake ni ya kila siku, na haipandi huku. Mukulima wa Lushebere anaifanyia nini?"

Nikatetea. Nikasema watu wanajua mahitaji yao kuliko sisi. Nikasema nimeshuhudia kwa masikio yangu. Akaniangalia kama baba anavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume, akasema, "Basi sikiliza tena."

Nikaenda kusikiliza tena. Lakini Kibua ilikuwa imenyamaza. Kila asubuhi Papa Léonard anakaa, anavua kofia, anaita. "Kibua, Kibua, hapa Lushebere." Sauti za wengine zinapita, wewe humo. Hapalilii tena maharagwe. Majani pori yamefika magotini na nyuki wenyewe wanapotea. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma yake, na kwa mara ya kwanza sikuandika kitu, kwa sababu nilikuwa na hofu yangu mwenyewe.

Leo asubuhi ameita kama kawaida. Akangoja. Kisha akasogeza mdomo karibu kabisa na kipaza sauti, akasema pole pole, bonde zima likisikiliza:

"Kibua. Hata kama hakuna mvua, sema tu kama hakuna. À vous."

Mama mudogo, mimi ni mjinga mwenye diploma! Nimeweka mvua yenu chini ya kilimo! Nimeweka hofu yako ya kuonekana chini ya haja ya picha, nikarefusha mlingoti kwa ajili yake! Eti kofia inagusa waya! Nilitoka nje nikakaa chini ya mkalitusi, nikacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha, kwa sababu sijui kama uko hai.

Sitauliza kitu tena. Kama uko hai, nijibu. Nieleze tu mvua iko namna gani.

Kétsia wako


Kibua, 9 Julai 2017

Mutoto wangu,

Niko hai. Usilie, unaharibu macho na kazi yako ni ya macho.

Tulikimbia ndani ya pori pamoja na majirani wote. Tulirudi na malaria kidogo na uchafu mwingi. Duka wamelifagia kuliko mimi mwenyewe ninavyolifagia. Betri na panneau ya jua inayoipa umeme vimekwenda. Lakini mashine ya phonie niliifukia katika mihogo kabla ya kutoka, nikaifunga na kikwembe changu cha sikukuu, kile cha kujifunga kiunoni, na waliokuja walitembea juu yake bila kujua. Iko nzima. Kuku naye iko nzima. Sijui alijificha wapi, anakataa kusema.

Mwambie mama yako nimekuwa mwembamba kweli sasa.

Mambo mengine uliyoandika sikuyasoma vizuri. Karatasi ililowana pale.

Lakini kama ungeweza kumpa Lushebere habari, useme mvua inanyesha. Ilianza na upepo. Atauliza juu ya upepo.

Victorine

Nimefungua tena bahasha, juu Magloire bado anatengeneza tairi. Nisikilize, na ukisha kusoma uchome. Mume wangu Callixte alipokufa, miaka mingi ilipita sikuongea na mutu isipokuwa bei. Kisha siku moja sauti ikaniuliza mvua iko namna gani. Hakuna mutu aliwahi kuniuliza hivyo. Nikaangalia inje ili nimjibu, nikaona kama kweli inanyesha. Unaelewa? Nilikuwa siioni.

Shida njo hii. Sauti yangu haikuzeeka, mimi njo nimezeeka. Katika hiyo phonie niko na miaka makumi mbili na tano. Siku atakapoona sura, itakuwa kama nilimdanganya asubuhi zote.


Lushebere, 30 Julai 2017

Mama mudogo wangu,

Nimepiga kelele. Magloire akipanda njia alikuwa anapeperusha barua yako kama bendera. Mama amelia kwenye simu, kisha akasema, "Mwembamba? Anajisifu." Ni mzima basi.

Sikuichoma. Nilikaribia kuimeza. Nimeishona ndani ya nguo.

Nilipanda Mushebe mbio. Papa Léonard alikuwa ameketi mbele ya mashine isiyomjibu. Nikasema, "Papa, Kibua inasema mvua inanyesha. Ilianza na upepo." Akavaa kofia. Akaivua. Akaivaa kinyume. Akasema, "Bien reçu," kisha akaingia katika maharagwe na akapalilia bonde lote la chini bila kunyoosha mgongo, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti isiyofaa kanisani.

Jioni alikuja nyumbani kwangu, mara ya kwanza. Akaketi, akaangalia michoro yangu ya vilima.

"Kétsia, mwanangu. Mama wa Kibua, anajua kama mimi niko namna gani?"

"Namna gani, Papa?"

"Sauti yangu ni ya mutu murefu," akasema. "Kwa phonie mimi ni murefu sana."

Nilijifunga mdomo kwa mikono miwili. Ameniapisha nisikuambie. Kwa hiyo sikuambii kwamba ni mfupi. Sikuambii kwamba mimi mwenyewe nikivaa viatu vya kanisani naona juu ya kofia.

Kisha akawa mzito. Akasema, "Nikisaini, mulingoti utakuja, ataniona, na asubuhi zangu zitaisha. Nikikataa, wale wa kambini wataendelea kutembea na habari ya mutu aliyesikia kwa mutu. Njo maana ninaona sura ya yule mama mwenye sufuria kila nikitaka kulala." Ningeweza kumsukuma, nilihisi neno moja tu lingetosha. Lakini saini niliyoisukuma si kukubali, na mlingoti uliosimama juu ya kilima cha mtu asiyeutaka hukatwa waya mwaka wa kwanza. Hiyo nilifundishwa shuleni na sikuwahi kuiamini mpaka alipokaa mbele yangu na kofia gotini. Ndiyo, aliivua, na phonie haikuwepo.

Nimerekebisha étude. Nimetoa mvua. Nimepunguza picha. Mlingoti umerudi kuwa mfupi na Papa Séraphin ameandika "très bien" pembeni. Kila kitu sasa kinawezekana, isipokuwa ukurasa wa mwisho, ambao hauna saini. Tarehe ishirini Agosti nashuka Goma kumalizia. Mwisho wa mwezi wanakata shauri. Usijali, Mama mudogo, sikuandikii ili umwambie kitu. Huna hata betri.

Lakini nakuandikia kitu kimoja ambacho hakimo katika kazi yangu. Wewe unasema sauti yako inadanganya. Mimi nimekaa nyuma ya mgongo wa mtu huyo asubuhi nyingi, na nimemwona akikusikiliza. Hasikilizi msichana. Anasikiliza mtu aliyetoka nje kuangalia mvua kwa ajili yake.

Kétsia


Lushebere, 26 Agosti 2017

Mutoto wangu Kétsia, huko Goma,

Soma juu pale, mahali pa tarehe: Lushebere. Usipige kelele, uko kwa ofisi ya watu.

Nimekuja kutafuta betri. Andika hivyo.

Njia ilifungwa tena, ikafunguliwa siku ya Bikira Maria kupalizwa, nikaona ni ruhusa. Nilifungua mashine kutoka katika kikwembe, nikavaa kikwembe, mashine nikaiweka ndani ya kitunga mgongoni. Nilitembea na wanawake wa mawese mpaka Kashebere, kisha Magloire akanibeba na kuniangusha mara moja, mahali pa laini. Kwa kizuizi askari aliuliza, "Mama, umebeba nini?" Nikasema, "Sauti yangu." Akacheka, akaniacha nipite. Ukweli unapita kuliko uongo, sikujua.

Nilikuwa nimejiambia: kama sura yangu itaonekana, haitaonekana kwa mashine. Itafika na miguu yake, na vumbi yake, na mvi zake moja moja, mutu ashindwe kusema ilipitishwa na waya mubaya.

Nilipanda hicho kilima chako. Kilinimaliza. Juu nikakuta mwanaume mufupi katika maharagwe. Sikuambiwa, sivyo? Akaniona. Akavua kofia. Panya walikula upande wa kushoto.

Nikamwambia, "Bonjour."

Akasema, "Bonjour, Mama."

Basi. Ikaisha hapo. Mutoto wangu, tulikaa mbele ya nyumba yake kama watu wawili waliokuja kununua chumvi na duka imefungwa. Yeye anaangalia miguu yake, mimi naangalia miguu yake. Alileta maziwa. Nikakunywa. Alileta tena. Nilifikiri, sasa ameona, sasa amejua, nikunywe niende. Kila mumoja alikuwa anangoja mwenzake amalize, na hakuna aliyeanza. Jirani zake walitoka wote kupalilia mashamba yasiyokuwa na majani.

Kisha akakohoa, akakaza macho kwa maharagwe, akasema na ile sauti, ileile ya mutu murefu:

"Kibua, Kibua, hapa Lushebere. Mvua iko namna gani? À vous."

Nikageuka kuangalia bondeni, juu mimi sijibu bila kuangalia. Nikasema, "Hapa Kibua. Leo hakuna mvua. Niliiacha nyumbani. À vous."

"Bien reçu. Na upepo? À vous."

"Upepo njo ulinisukuma mpaka hapa. À vous."

Tukaanza kucheka, Kétsia. Tulicheka mpaka maziwa yakamwagika kwa kikwembe cha sikukuu, na jirani wakacheka bila kujua sababu, na tangu hapo hatujanyamaza. Tunaongea hivyo tu. Tukisahau kusema à vous, tunakwama tena. Jana alinieleza habari za marehemu mke wake mpaka jua likashuka, akamaliza na à vous, nikamweleza za Callixte.

Anasema wazi: atatuma wazee wake Butembo kwa ndugu zetu, na fromage, na mutu wa kuongea vizuri. Mwambie mama yako ajitayarishe, na goti likunjike siku hiyo. Mimi sijasema ndiyo. Nimesema bien reçu.

Karatasi yako amesaini. Hakuna aliyemsukuma. Alimwita Mama Emérita aje awe shahidi, na yeye akaja na sufuria. Aliposaini akasema, "Ameshaniona. Internet itanitisha na nini?" Ameweka sharti moja: antena ya phonie ibaki katika mikalitusi yake, juu mimi narudi Kibua nikipata betri, kuangalia duka na kuku, mpaka wazee wamalize maneno yao. Asubuhi bila Kibua hataki tena.

Magloire anashuka Goma sasa hivi na barua hii pamoja na karatasi, usishangae harufu.

Lakini kabla hujafunga étude yako, ile swali ya kwanza uliyoniuliza, kama ningeongea na nani. Futa watu wa sabuni.

À vous.

Mama yako mudogo,
Victorine